Kinyama cha Mwalimu Ladi

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara, andikeni kwa penseli. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu najua wapo watakaochoka kusoma kabla sijafika mbali, na hao angalau waondoke na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Mwaka wangu wa kwanza niliandika majina ya wagonjwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista, nikavitumbukiza vile vikasha vya plastiki kwenye spiriti, na kesho yake nikakuta vinyama kumi na kimoja visivyo na mwenyewe. Mzee Kapande, aliyenifundisha kazi, hakunitukana. Alinipa karatasi tupu akasema, "Haya, Venera, viulize majina." Akaenda kunywa chai.

Tuliwapata tisa kwa kulinganisha ukubwa na rangi na maelezo ya daktari. Wawili hatukuwapata. Ilibidi wakatwe tena, na Mzee Kapande alinituma wodini nikawaambie kwa kinywa changu mwenyewe, yeye akiwa amesimama nyuma yangu na mikono mgongoni. Mmoja wao, bibi wa kijiji cha Titye, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimeolewa.

Kazi yangu ilikuwa hiyo kwa miaka thelathini na minne. Daktari akimkata mgonjwa kipande cha nyama kutaka kujua kama ni kansa, kipande kile kilikuja kwangu. Nilikilaza kwenye formalini kisioze, nikakikausha kwa spiriti, nikakizamisha kwenye nta ya moto ikagandia ndani yake, tukapata kitu kigumu tunachokiita bloku. Kisha nilikikata kwa mashine, vipande vyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu, nikavibandika kwenye vioo ili daktari avione kwa hadubini. Jina la hospitali silitaji. Iko huku huku kwetu milimani, kati ya Kasulu na Kibondo, inatosha.

Nilikuwa najua kukata. Sitajifanya mnyenyekevu katika umri huu. Bloku ikiwa ngumu niliilaza kwenye barafu robo saa kabla ya kuigusa. Utepe wa vipande vinavyotoka kwenye mashine ukianza kujikunja niliupulizia pumzi ya mdomo, taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Maji ya kutandazia utepe yawe vuguvugu. Yakiwa ya moto nta inayeyuka na kazi yako inaelea kama mafuta ya supu. Madaktari waliokuja kututembelea kutoka miji mikubwa walikuwa wakivinyanyua vioo vyangu dirishani na kuuliza nani amekata hivi. Na mimi nilikuwa nasimama pale pale karibu na dirisha, nisije nikawa mbali likiulizwa swali hilo.

Sasa mtaelewa nilivyoumia alipokuja Joramu.

Joramu alitokea Kibondo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakapata uraia, wakalima maharage na mihogo kama sisi wote. Tulikuwa karibu umri mmoja. Alikuwa mpole, anasalimia hadi mafundi wa bomba, na katika kukata alikuwa wa kawaida tu, mikono mizito. Tulikaa miaka sita chumba kimoja bila neno baya. Kisha ikaja barua kwamba mtu mmoja kutoka kwetu aende Dar es Salaam miezi mitatu kujifunza upimaji wa jeni za kansa. Nilinunua begi. Sikungoja jina litajwe, nilinunua begi siku ile ile, jekundu, lenye magurudumu. Likatajwa jina la Joramu.

Daktari mkuu alinieleza kwa upole kwamba mimi nilikuwa nahitajika pale kwa sababu hakuna mwingine wa kukata. Yaani uhodari wangu ndio uliokuwa umenifunga. Lile begi nilimpa mdogo wangu, nikamwambia limekuwa dogo.

Aliporudi, kila kitu kilibadilika. Madaktari walikuja dirishani wakaniangalia kama wanavyoangalia kalenda ukutani, wakauliza, "Joramu yupo?" Aliletewa koti jeupe lenye jina lake limedariziwa kifuani kwa uzi wa bluu. Mama wa kantini alianza kumwekea chapati ya juu, ile iliyoungua vizuri pembeni, ambayo kwa miaka yote ilikuwa yangu. Mnacheka. Mimi nilikuwa naitazama ile chapati ikipita mbele yangu.

Alinieleza alichojifunza, tena bila majivuno, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi la nje tukimenya chungwa.

"Dada Venera, seli ya utumbo mpana ina vipokezi juu ya ngozi yake. Kazi yake ni kupokea ujumbe wa kukua. Ujumbe ukifika, kipokezi kinaamsha jeni za ndani, seli inagawanyika. Kwenye kansa, mambo hayo yanakwenda mbio."

"Hilo najua," nikasema. Sikuwa najua.

"Kuna dawa inayokaa juu ya kipokezi, inakiziba. Ujumbe unafika, unakuta pamezibwa. Lakini kuna jeni moja ya ndani, KRAS, na ndugu zake. Ikiwa imebadilika, seli inakua yenyewe bila kusubiri ujumbe. Hapo unaziba kipokezi bure. Mgonjwa anapata vidonda vya ngozi na kuharisha, na kansa haina habari. Ndiyo maana lazima upime jeni kwanza, ndipo umpe."

"Ego," nikasema, yaani ndiyo kwa Kiha chetu, nikainuka na maganda yangu ya chungwa.

Siku hiyo hiyo nilifanya jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilikuwa na mama wa usafi kwenye korido, nikamwambia kwa Kiha, ili ichome vizuri, "Siku hizi wana wa wakimbizi ndio wanaotufundisha." Nilisahau kwamba Kiha na Kirundi ni lugha za nyumba moja, na kwamba mlango wa stoo ulikuwa wazi. Joramu alitoka na galoni mkononi. Alinisalimia, "Mwakeye, dada," kama ndiyo kwanza tunaonana asubuhi hiyo, akapita. Angenitukana ningelala vizuri.

Nikaanza kumsoma kwa siri. Alikuwa na kijitabu cha mafunzo. Akienda kula, mimi nilikifungua, nikanakili maneno kwenye karatasi, nikayatafuta maana nyumbani. Nilitaka siku moja daktari aulize swali mbele yetu wote na mimi nijibu kabla ya Joramu. Siku hiyo haikuja. Ila kwa njia hiyo nilisoma jambo moja muhimu, nalo ndilo linalonihukumu hadi leo, kwa sababu siwezi kusema sikujua.

Sikilizeni, kwa maana hili ni la kazi. Formalini ikikaa muda mrefu bila bafa, yaani chumvi za kuzuia ukali, inakuwa na asidi. Kwa kuangalia kwenye hadubini si neno sana, seli utaziona. Lakini ile asidi inaikatakata DNA. Na hata formalini nzuri, nyama ikizidisha siku tatu ndani yake, jeni zinaanza kutosomeka. Kwa hiyo utumbo ukija, upasue siku hiyo hiyo, uukate vipande vyembamba, formalini iwe na bafa na iwe mara kumi ya nyama yenyewe, na kesho yake au keshokutwa uingie kwenye spiriti. Joramu alikuwa akichanganya formalini yenye bafa mwenyewe na kuiweka kwenye galoni nyeupe. Ile ya zamani ilikuwa kwenye kopo jeusi pembeni, inanuka siki, ikisubiri kumwagwa.

Alhamisi moja mchana ukaletwa utumbo wa Mwalimu Ladislausi.

Mwalimu Ladi tulimjua wengi. Alifundisha darasa la nne Titye, mtu mrefu mwenye sauti ya kwaya, na mkewe Anjelina alikuwa akituuzia maparachichi nje ya geti la hospitali. Alikuwa akitoa damu akienda haja kubwa karibu mwaka mzima akidhani ni bawasiri. Kule Kibondo walimchukua kinyama kidogo cha kwanza, tukakipima sisi, ikawa kansa ya utumbo mpana, upande wa kushoto. Sasa alikuwa amepasuliwa kwetu, na ini lilikuwa tayari na madoa. Dawa ile ya kuziba kipokezi ilikuwa inapatikana Mwanza kwa mpango wa hospitali kubwa, lakini hawakumpokea mtu bila majibu ya jeni.

Joramu alikuwa anaondoka mchana huo huo kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kuwafundisha wauguzi namna ya kuhifadhi vipimo. Gari lilikuwa linanguruma. Aliandika jina kwenye mkebe uliobeba utumbo, akajaza fomu ya Dar es Salaam, akasaini mahali pa mhusika, akanijia.

"Dada, nakuomba. Huu upasue leo. Galoni nyeupe. Keshokutwa uingie kwenye spiriti. Mwalimu hana muda."

"Nimekata utumbo wewe ukiwa bado unasoma," nikamjibu.

"Najua, dada. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Gari likaondoka. Na mimi nikabaki na ule utumbo, na jina la Joramu kwenye fomu.

Nimejiuliza mara nyingi nilikusudia nini. Kumuua mwalimu sikukusudia, Mungu ni shahidi. Nilitaka Joramu aaibike kidogo tu. Nilitaka majibu yake ya kwanza makubwa yarudi na kasoro ndogo, daktari akune kichwa, aseme, "Labda tungempeleka Venera." Nilichukua kopo jeusi. Nikamimina. Sikuupasua utumbo, niliuacha mzima jinsi ulivyokuja, nikausogeza nyuma ya rafu. Joramu alitakiwa kukaa kambini siku nne, mvua ikaharibu barabara, akakaa kumi na moja. Kila siku nilipita mbele ya ile rafu. Siku ya tano nilinyoosha mkono, nikasikia wauguzi wawili wakimsifu Joramu kwenye korido, nikaurudisha. Niliupasua siku ya kumi na mbili asubuhi, yeye akiwa njiani kurudi. Alipoingia kazini siku iliyofuata alikuta bloku ziko mezani, zimepangwa, nzuri kwa macho. Alinishukuru.

Baada ya majuma matano majibu yalirudi kutoka Dar es Salaam: DNA imevunjikavunjika, haisomeki, leteni kingine.

Joramu aliitwa ofisini, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu. Alipewa barua ya onyo. Mimi nilikuwa nakata bloku ya mtu mwingine, na ninakumbuka utepe ulitoka mrefu siku ile, hauna hata mkunjo. Furaha? Ndiyo, ilikuwepo, msinilazimishe kusema haikuwepo. Ilidumu hadi saa nane mchana, nilipomkuta Anjelina amekaa kwenye ngazi na beseni lake la maparachichi.

"Wanasema aende Mwanza akachomwe sindano ya ini, watoe kingine," akaniambia. "Hawezi kukaa kwenye basi mpaka huko. Jana alianguka msalani." Akaligeuza parachichi moja. "Mama, kile kinyama cha kwanza, walichokitoa Kibondo, kilikwenda wapi?"

Mawe! Ndivyo Kiha kinavyomwita mama mtu akishtuka.

Kinyama cha kwanza nilikuwa nacho. Hospitali nzima hakuna aliyejua kilipo ila mimi. Bloku za zamani zilikuwa kwenye maboksi ya viatu huko stoo, na mpangilio wake uko kwenye daftari langu la kichwani. Tena kile nilikitengeneza kwa mkono wangu kabla Joramu hajaenda kambini, kwa formalini yake ya galoni nyeupe, siku moja na nusu tu. Nilikuwa nimekifanya vizuri kwa sababu siku ile hakuna aliyenitazama wala kunilinganisha na mtu.

Nilikipata ndani ya saa moja. Nikampelekea daktari mkuu mezani kwake.

Na hapo, vijana wangu, nilipata nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili. Daktari akashika kichwa, akasema, "Mama, wewe umetuokoa." Akatoka nje, akawaambia wengine. Wakanipongeza. Siku tatu nilipongezwa. Mama wa kantini aliniwekea chapati ya juu. Nikaila yote.

Joramu alikuja kunisaidia kuandaa. Kinyama kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, na ndani ya punje ile kansa ilikuwa sehemu tu. Ukikosea ukapunguza mno kusawazisha uso wa bloku, umekimaliza na hakuna kingine. Akasema wazi, "Mimi hapa sithubutu." Nikaweka wembe mpya. Hili nalo mlishike: kwa kipimo cha jeni, wembe mpya kwa kila mgonjwa, na kifutio kipya, maana chembe za mgonjwa wa jana zikibaki utampa wa leo majibu ya mwenzake. Nikailaza bloku kwenye barafu. Nikakata vipande kumi, vyote vikatoka, nikavitia kwenye kichupa kwa ncha ya sindano. Joramu alikuwa amesimama pembeni akinishikia kichupa.

Kisha akasema, "Dada, kwenye ule utumbo sijui nilikosea wapi."

Nilikuwa nafuta mashine. Niliendelea kufuta.

"Nimerudia kila hatua. Bafa niliyoichanganya mwenyewe nimeipima upya. Maji nimebadilisha. Nilianza kudhani labda mkebe haukuoshwa. Halafu nikasema, Joramu, acha kutafuta mkebe, wewe si mwangalifu, basi." Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Kuna kozi ile ya pili, ya mwaka mzima, waliyoniandikia. Nimemwambia daktari ampe mwingine. Mtu akiharibu kinyama cha mgonjwa kama mwalimu hastahili."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sikusema. Nilimwambia, "Mambo hutokea."

Majibu yalikuja baada ya siku kumi na nane, haraka kuliko tulivyotegemea. Jeni ya KRAS haina badiliko, ndugu zake hazina badiliko. Dawa ingeshika. Daktari alitoka na karatasi hadi getini mwenyewe, na Anjelina alipoelewa alikaa chini kwenye vumbi, akavua khanga ya kichwani, akajifunika nayo uso. Mimi nilikuwa dirishani. Watu walimzunguka Joramu wakamtikisa mikono, naye alikuwa anawaelekeza kwangu kwa kidole, "Ni dada, ni dada aliyekata." Sikuweza kuvumilia kile kidole.

Nikaenda ofisini. Daktari alikuwa amerudi na Joramu yuko naye. Nikafunga mlango, nikabaki nimesimama.

"Utumbo wa mwalimu niliuharibu mimi," nikasema. "Kwa makusudi. Niliutia formalini ya kopo jeusi."

Daktari alivua miwani. Joramu alinitazama kama haelewi Kiswahili.

"Siku ngapi?" akauliza Joramu.

"Kumi na mbili."

"Ukiwa mzima? Hukuupasua?"

"Sikuupasua."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu walikupeleka wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali. Joramu alisema polepole, "Nilikuwa simwambii hata mke wangu jinsi ninavyojiona," akatoka. Alifunga mlango vizuri, bila kelele.

Mimi nilipewa barua ya onyo, kali, na mshahara wangu haukupanda mwaka ule. Nilitakiwa kufukuzwa, nadhani, lakini hakukuwa na mwingine wa kukata. Uhodari ule ule ulionifunga ndio ulioniokoa, na hata hilo sikulifurahia. Nilimwambia Mwalimu Ladi pia, kwa kinywa changu, kitandani kwake. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ningeanza dawa lini?" Nikahesabu. Mwezi mzima na zaidi mapema. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Hakuniambia amenisamehe na sikumuuliza.

Barua ya Joramu ilifutwa. Nafasi ya kozi ilikuwa imeshakwenda kwa mtu wa mkoa mwingine, na mtu yule alikuwa ameshasafiri.

Mwalimu Ladi alipelekwa Mwanza kwa gari la hospitali, si kwa basi, amelazwa nyuma. Ngozi yake ilitoka chunusi uso mzima kama kijana wa sekondari, na Joramu alisema hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu ngozi nayo ina vipokezi vile vile na dawa ilikuwa inavikuta. Madoa ya ini yakanywea. Baada ya miezi minne alirudi darasani. Alifundisha mwaka mzima na zaidi, na nilimsikia kwa masikio yangu akiongoza kwaya Jumapili moja, nikakaa viti vya nyuma.

Kisha ukatokea uvimbe mdogo kwenye kovu la operesheni. Tukakata kinyama, safari hii tulikifanya kwa utaratibu wote, mimi na Joramu mezani pamoja, tukiongea yanayohusu kazi tu. Majibu yalisema kipokezi chenyewe kimebadilika. Si zile jeni za ndani. Ni jeni ya kipokezi. Kansa ilikuwa imebadilisha umbo la mahali pale dawa inapokaa, dawa ikawa inafika na haishiki. Joramu alimchorea mwalimu kwenye daftari la shule, na mwalimu akafuata mchoro kwa kidole kama anavyofuata mwanafunzi, akauliza maswali mawili mazuri ambayo mimi nisingeyafikiria. Madaktari wa Mwanza waliiacha dawa ile, wakamjaribu nyingine. Alipata miezi saba zaidi. Alifia nyumbani Titye, mavuno ya maharage yakiwa yamekwisha kuingizwa ndani, wanawe wote wakiwepo.

Mtaniuliza kama wivu uliisha. Haukuisha. Nilipomwona anachora ule mchoro, kila mstari mahali pake, moyo wangu ulisema, huo ungekuwa wangu. Nilikuwa nimekiri, nimelia, nimeadhibiwa, na bado nilitamani penseli iwe mkononi mwangu. Nimeishi nao kama mtu anavyoishi na presha. Tofauti ni kwamba tangu siku ile nilikuwa naujua ukianza kupanda, nikawa naweka mikono mbali na mikebe ya watu.

Joramu alihamishiwa Kibondo. Mimi nikastaafu. Mwaka jana nilikwenda Kibondo kwa dada yangu, na siku ya pili miguu ikanipeleka maabara bila hata kuwa na sababu ya kueleza. Nilimkuta amezeeka, ndevu nyeupe. Walikuwa wamempa chumba kikubwa chenye madirisha upande wa mashariki, mashine mbili, friji ya vipimo vya jeni, na vijana watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wote wamemzunguka. Nikasimama mlangoni na ule wivu ukapanda, kama zamani, mzima.

"Karibu, dada," akasema, akavuta kiti.

"Joramu, nimekuja kukuomba msamaha. Ofisini nilikiri tu, tena mbele ya daktari. Huu ni wa sisi."

Alifunga friji kwanza. Ni mtu asiyejibu haraka. "Nimekusamehe siku nyingi," akasema. "Lakini ile kozi niliitaka. Niliitaka sana. Nataka ulijue hilo, maana sijawahi kukuambia."

"Sasa najua."

"Na lile la wana wa wakimbizi, nililisikia."

"Najua ulilisikia."

"Basi." Akasimama, akawageukia vijana wake. Mmoja wa kike alikuwa na bloku ngumu kwenye mashine na utepe ulikuwa unamkatikia kila mara. Joramu akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kutangaza zamu:

"Huyu ni Mama Venera. Aliwahi kuharibu kinyama cha mgonjwa kwa makusudi kwa sababu ya wivu juu yangu, na mgonjwa akachelewa dawa mwezi mzima na zaidi. Na ndiye mkataji bora niliyewahi kumwona. Muulizeni yote mawili."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Yule wa kiume alijifanya anasoma chupa. Kwa kitambo niliwaza mlango, basi la kurudi Kasulu, kitanda cha dada yangu. Kisha yule binti mwenye bloku ngumu akasogeza kiti chake pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kanisani.

"Tuanze na lipi?" nikamuuliza.

"La kwanza, mama," akasema. "Lile la makusudi."

Nikakaa, nikawaambia. Nilipomaliza nikaomba barafu.